Mashine Iliyovaa Sketi

Katika mazishi ya Mwalimu Gaudensi, kule Songea, msemaji wa ukoo alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri ya kanisani. Alitaja shule alizofundisha, kamati alizoongoza, na parokia aliyoisaidia kupata maji ya bomba. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wengine, kanga nimejitanda, nikisubiri neno moja tu, na neno hilo halikuja. Karatasi ikakunjwa, tukaimba, tukaenda kuzika. Nilikasirika msibani, jambo lisilompendeza mwanamke wa umri wangu, na hasira hiyo nilisafiri nayo kwenye basi hadi nyumbani. Watoto wa marehemu walizaliwa baada ya mambo haya, na pengine hawakuambiwa kamwe, maana baba yao aliyesema kutwa nzima juu ya kila kitu aligeuka bubu lilipokuja suala la kujisifu. Basi nitasema mimi. Mwalimu Gaudensi, mwalimu wa fizikia wa Nachingwea, aliunda hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya upepo wake chenyewe na kupita majini na nchi kavu bila kujali, kisha akakifundisha kwenda kinakotakiwa. Hilo la pili ndilo lililomtoa jasho, na ndilo ninalolijua vizuri, kwa sababu chombo hicho kilivaa sketi, na sketi hiyo niliishona mimi.

Habari za kwetu Upareni nitaziruka, hazikuwa na mkono katika jambo hili. Nilipangiwa Nachingwea kufundisha ushonaji mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ilikuwa ya kusimuliwa. Nilipewa nusu ya nyumba ya zamani, mojawapo ya zile zilizojengwa na Waingereza wa mradi wa karanga, dari refu, madirisha mapana ya wavu uliotoboka. Nusu ya pili alikaa Mwalimu Gaudensi, mseja wakati huo. Katikati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba uliowekwa baadaye na mtu asiyejali siri za watu. Nilimsikia akikohoa, akichochea uji, akibishana na redio. Juma la kwanza niliamini ana mgeni asiyeondoka, maana kila jioni palikuwa na maneno: “Hapana bwana, ukigeuza pua tu bado mwili unateleza. Sasa mwili utaushika na nini?” Kumbe mgeni mwenyewe ni yeye. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu, mbaazi, na perege wakavu siku ya neema. Yeye ndiye aliyenionyesha ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, akavimenya mbele yangu akasema, “Kula, Dada Nakijwa. Ukishakula hivi, uhamisho haukupati tena.” Chai tulikunywa ya mchaichai, bila sukari, na korosho za kuchoma pembeni ili mdomo usahau.

Siku aliyokuja na turubai nilidhani anataka pazia. Alilibwaga barazani, likatoa vumbi la ghala, akasimama ameshika kiuno. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. “Dada, unaweza kushona sketi?” Nikamwambia nimesomea, na huyo mchumba ana kiuno cha ngapi? Akacheka, lile cheko lake la kujipiga gotini. Akanichukua hadi karakana nyuma ya shule, banda la bati ambamo zamani yalitengenezwa matrekta ya karanga na bado lilinuka grisi iliyozeeka. Hapo ndipo nilipoiona: boti bapa ya plaiwudi, pana kama kitanda cha watu wawili, ndani imepangwa madebe ya mafuta ya kupikia yaliyozibwa ili isizame, nyuma imebeba injini ya pampu ya maji na pangaboi la mbao alilolichonga mwenyewe. Akanieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Sehemu ya upepo wa pangaboi inashuka chini ya boti na kuinyanyua, sehemu iliyobaki inatoka nyuma na kuisukuma. Ila upepo wa chini usipozuiliwa utatawanyika. Kinachouzuia ni sketi, inayoning'inia pande zote hadi karibu na ardhi.

Wanawake bombani walipata la kusema kwa muda mrefu. Nilikuwa nakinga maji nikasikia nyuma yangu, “Yule wa kuja, Mpare, anashonea mashine nguo.” Mwingine akajibu, “Basi hata mashine imeona haya kutembea uchi, mbona wengine hawaoni?” Nikajifanya sijasikia, ndoo ikajaa ikamwagika. Lakini jina lilishatoka hapo. Toka siku hiyo chombo kiliitwa Bi Sketi, na Mwalimu aliyekuwa amekiandalia jina zito la maendeleo hakupata nafasi ya kulitumia.

Kwa nini Bi Sketi, na si mtumbwi? Nami niliuliza hivyo. Masika ya kusini, mto Mbwemkuru unapofura, hauwi mto tena. Unatambaa mbugani, upande huu matope ya magotini, mbele yake matete, katikati mkondo unaobeba magogo. Mtumbwi unakwama kwenye matope, ukifika kwenye mkondo unapigwa na gogo, na mamba nao hawajafunga mdomo. Vijiji vya ng'ambo vilitengwa na kituo cha afya kilichokuwa upande huu, huko Ruangwa, ambayo wakati huo haikuwa bado wilaya. Mwalimu alisoma nchi za baridi, akaona huko chombo kama hiki kikivuka bahari na kupanda ufukweni, akasema moyoni mwake kwamba hiki si cha bahari, hiki ni cha Mbwemkuru. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Wengine walirudi kutoka Ulaya na suti, yeye alirudi na jibu la tatizo la watu ambao hajawahi kuwaona.

Na mwenye kulihitaji jibu hilo kuliko sote alikuwa dereva, Issa Kalembo. Issa alikuwa Myao, dereva wa trekta la kijiji, mrefu, mkimya kwa wageni na mwenye mdomo mchafu kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa Mngoni, na Mngoni na Myao ni watani tangu mababu zao walipofukuzana. Walisalimiana kwa matusi. “Babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka akapanda juu ya mti,” anasema Mwalimu. “Na akamnyea babu yako kichwani, ndiyo maana una kipara,” anajibu Issa. Ila nyuma ya utani palikuwa na jambo lisilochekwa. Issa alioa Mmwera wa ng'ambo ya Mbwemkuru, anaitwa Somoe, na kwa Wamwera mwanamke huzalia kwa mama yake. Masika ya mwaka uliotangulia Somoe alishikwa na uchungu mto ukiwa umejaa. Wakunga wa kule walifanya kila walichojua, mtoto akafa kabla ya kulia, na Somoe mwenyewe aliponea chupuchupu. Issa alisimama upande huu wa maji akiangalia moshi wa nyumba ya mke wake. Sasa Somoe alikuwa mjamzito tena, na siku zake zingeangukia masika. Nilimwuliza Issa kwa nini asimlete mjini mapema. “Dada, nimesema, mama mkwe amesema. Mpunga umetoka, nguruwe wanakula, na mke wangu kaniambia, ‘Ntoto wangu atatoka kwa mama, uchungu ukinizidi ndiyo mje na hiyo mashine yenu.’ Nikimlazimisha, mjomba wake atanitoza faini.” Akaongeza, “Mimi ndiye nitakayeendesha. Siyo mwingine.”

Majaribio ya kwanza tuliyafanya kwenye uwanja wa ndege wa zamani, pale palipo tambarare, jioni jua likipoa. Sketi yangu ilijaa upepo, Bi Sketi akainuka, na mimi nilipiga kigelegele bila kujijua. Kisha akaenda. Kisha akaendelea kwenda. Hilo ndilo tatizo ambalo ukutani nililisikia kila jioni. Gari lina magurudumu, na magurudumu yanashika barabara. Ukikata usukani gari linakata. Chombo hiki hakijashika kitu. Mkia wa bati nyuma ya pangaboi unageuza pua, ndiyo, lakini mwili unafuata njia yake ya zamani. Pua inaangalia Masasi, mwili unakwenda Liwale. Issa alizunguka kama sahani iliyoteleza kwenye meza yenye mafuta, akapita kwenye mbuzi waliotawanyika, akaishia ubavu-ubavu ndani ya shamba la muhogo la mkuu wa shule. Watoto walishangilia. Mkuu wa shule hakushangilia.

Mwalimu hakukata tamaa, alikata bati. Mkia mmoja uligeuka mikia mitatu iliyosimama sambamba, akaisogeza karibu kabisa na pangaboi, maana aligundua kwamba mkia wa kwanza ulikuwa umekaa juu mno, nusu yake ikikosa upepo. Pua sasa iligeuka haraka. Akamfundisha Issa kugeuza mapema kabla ya kona, na kugeuka kinyumenyume ili upepo uwe breki. Sketi nayo tuliibadilisha. Turubai lilinyonya maji likawa zito, tukalitupa, nikashona upya kwa mifuko ya mbolea ya plastiki, vipande vingi vilivyopangwa kama marinda, ili kimoja kikichanika kingine kibaki. Sindano za cherehani zilivunjika hadi nikaazima za mshona viatu. Yote hayo yalisaidia, na yote hayo hayakutosha. Penye nafasi kubwa Bi Sketi alitii. Penye nafasi ndogo alikuwa mkaidi, na pale mtoni palikuwa na nafasi ndogo: upenyo wa kutokea kwenye matete, na gati la kupandia lililobanwa na miti miwili.

Jioni moja nilisikia kupitia ukutani sauti ya mkuu wa shule. Alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya, aliyelemewa na visima vilivyokauka na pampu isiyo na injini. “Gaudensi, nimekuvumilia. Injini ni ya kisima. Mvua zikiisha nairudisha, na ikiwa haijavuka mto mpaka hapo, basi. Na huyo dereva wako umbadilishe. Nimemwona. Anakanyagakanyaga sakafu kama mwendawazimu. Kuna vijana wa magari mjini wanaojua usukani.” Kisha Mwalimu, taratibu, “Mkuu, nitakupa injini yako. Dereva sikupi.” Mlango ukafungwa. Niliingia bila kubisha hodi, nikamkuta ameinamia sahani ya ugali uliopoa. Nikamwuliza kama ni kweli Issa anakanyaga sakafu. “Twende ukaone,” akasema.

Tulikwenda karakana na kandili, maana giza lilikuwa limeanza kuingia. Akaniinamisha kwenye sakafu ya Bi Sketi. Mahali pa miguu ya dereva plaiwudi ilikuwa imebonyea sehemu mbili, kulia na kushoto, na ile ya kushoto ilikuwa imetoboka kabisa, tundu la ukubwa wa kisigino. Mimi sikuelewa. Yeye akaanza kuongea kwa kasi. Trekta lina breki mbili, moja ya gurudumu la kushoto, moja ya kulia. Dereva wa trekta akifika mwisho wa shamba na kutaka kugeuza mstari, hategemei usukani peke yake. Anakanyaga breki ya upande mmoja, gurudumu hilo linasimama, trekta zima linazunguka hapo hapo. Madereva wote wa Nachingwea wamefundishwa hivyo, na Issa amefanya hivyo tangu ujana wake. Kwa hiyo kila Bi Sketi anapokataa kukata kushoto, mguu wa kushoto wa Issa unakanyaga breki ambayo haipo. “Nilimgombeza,” Mwalimu akasema. “Nikamwambia, mtani, hapo hakuna kitu, weka mguu chini. Na yeye kila siku ananiambia anachokihitaji, sina masikio.” Akatia kidole kwenye lile tundu. “Mguu wake unauliza swali zuri kuliko kichwa changu.”

Nimeishi na wasomi wengi tangu hapo, nimeolewa na mmoja. Wengi wao wakiona mtu anakosea hufurahi kidogo, maana wamepata nafasi ya kumwelekeza. Mwalimu Gaudensi alikuwa na elimu kuwapita, na alijua fizikia yake barabara, lakini kosa la mtu alilichukulia kama habari. Ndiyo sababu wanafunzi wake walimpenda hata waliofeli. Mimi nilimpenda pia, nitasema hapa kwa kuwa wahusika wote wamekufa au wamezeeka, ingawa si kwa namna ambayo wale wa bombani walidhani. Nilimpenda kwa jinsi alivyoinama kwenye lile tundu. Nilikuwa msichana mwenye majibu mengi, na nilijifunza hapo kwamba mtu mzima anaweza kuwa na furaha ya kutokuwa na jibu.

Asubuhi yake alinikuta nikipiga pasi. “Dada, sketi ya mwanamke ukitaka kuipandisha upande mmoja tu, unafanyaje?” Nikamwambia inategemea mwanamke na inategemea nani anaangalia. Alipoacha kucheka nikamwonyesha: unashona upindo, unapitisha kamba ndani yake, ukivuta kamba kitambaa kinajikusanya na kupanda. Akasimama. Akaomba nirudie. Kisha akaeleza alichokuwa akikitafuta tangu jana yake. Haikuwezekana kuweka breki, maana hakuna gurudumu. Lakini ukifunua sketi kidogo upande wa kushoto, upepo unatoroka upande huo, chombo kinainama kushoto, ukingo wa kushoto unalamba maji, na pale unapolamba unashika. Kulikoshika ndiko chombo kitakakozungukia. “Mguu wa Issa utapata breki yake,” akasema. Nilishona pindo mbili, moja kila upande, na kamba za nailoni. Yeye alitengeneza pedali mbili kutoka kwenye trekta bovu, akazifunga pale pale palipobonyea. Hakuzisogeza hata kidogo. Issa alipoziona alikaa, akaweka miguu. Kisha akamgeukia mtani wake, “Kumbe Mngoni unaweza kufikiri. Babu yako angeshangaa.”

Tulijaribu kwenye mashamba ya mpunga yaliyojaa maji huko Nambambo, mkuu wa shule mwenyewe akiwa kando na mwavuli. Issa alikuja kwa kasi kuelekea kwenye tuta la jaruba, akageuza mikia, akakanyaga. Bi Sketi aliinama upande kwa adabu, kama mwanamke anayetaka kuokota kitu, akazunguka palepale, maji yakiruka upande mmoja. Akarudi. Akazunguka kulia. Akaandika nane majini. Mkuu wa shule alifunga mwavuli mvua ikimnyeshea, akasema, “Sasa hiyo ni mashine.” Mwalimu Gaudensi alikuwa anakimbia kwenye tuta, suruali imekunjwa, akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia kwa sababu ya injini.

Nieleze hapa mwisho wa Bi Sketi, nisije nikaharibu yanayofuata. Mvua zilipokwisha injini ilirudi kisimani kama tulivyoahidi, na kisima kilitoa maji. Plaiwudi ikaliwa na mchwa. Mwalimu akahamishwa mwaka uliofuata, nami baadaye. Kuna aliyesema kwamba habari zilipelekwa makao makuu, zikapokelewa vizuri na kuwekwa mahali. Sijui. Haikuendelea, na kwa miaka mingi jambo hilo liliniuma, nikidhani kitu kilichovunjika ni kitu kilichoshindwa. Sasa sidhani hivyo tena. Chombo kile kilikuwa na kazi moja, na nilikuwepo.

Likizo ya Pasaka tulihamia mtoni, Bi Sketi juu ya trela la trekta la kijiji, sisi kwenye ghala tupu la ushirika, tukilala mimi na mke wa mlinzi chumba kimoja, wanaume chumba kingine, harufu ya korosho za misimu iliyopita ikitoka sakafuni. Tulikula mbaazi hadi tukachoka kutazamana. Tulikubaliana na watu wa ng'ambo: uchungu ukimshika Somoe, watatundika kanga nyekundu juu ya mlingoti. Kila asubuhi Issa alikwenda ukingoni kabla ya kunawa uso. Mto ulikuwa umefika kwenye miti. Kisha asubuhi moja hakurudi kunywa uji, tukamsikia akiita, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Ipo! Kanga ipo!”

Bi Sketi alibeba watu wawili tu. Mwalimu aliyemwunda hakuwahi kuvuka naye mto hata siku moja, na siku hiyo hakulitaja hilo. Alikagua kamba zangu kwa vidole, akatia mafuta, akamshika mtani wake begani akakosa tusi la kumwambia. Injini ikalia. Issa alipita matopeni kana kwamba matope ni saruji, akaingia kwenye matete, akapotea. Tulibaki na mlio, ukipungua. Mlio ukanyamaza. Mwalimu alikuwa anatembea mbele na nyuma akihesabu uzito kwa sauti: mwanamke mjamzito, wapi akae, akikaa nyuma pua itanyanyuka. Nilimwambia anyamaze, akanyamaza. Mlio ukarudi.

Walitokea kwenye matete, Somoe amelala mbele kwenye godoro, kafunikwa kanga kichwani, mkono mmoja umeshika ubao. Issa alikuwa anakuja moja kwa moja kuelekea kwenye gati, na hapo ndipo gogo lilipotoka. Lilikuwa shina zima lenye mizizi, limebebwa na mkondo, likaingia kati yao na miti miwili ya gati. Mahali pa kupita palibaki pembeni, pembamba, upande wa kushoto. Mwalimu aliinua mkono. Nikaona Bi Sketi akiinama. Ukingo wa kushoto ulilamba maji, povu likaruka, pua na mwili vikazunguka pamoja, vikaingia kwenye ule uwazi, vikapanda matopeni hadi kwenye majani makavu miguuni petu. Injini ikazimwa. Somoe akatoa kichwa kwenye kanga, jasho usoni. “Mbona mmesimama? Nishusheni! Ntoto hasubiri mashangao yenu!”

Tulimpeleka kituo cha afya kwa trela la trekta, mimi nimemshika mgongo, yeye amenishika mkono hadi kesho yake ulikuwa na alama. Muuguzi akamwingiza. Sisi tulibaki barazani, kwenye benchi la mbao, miguu yote ina tope. Mwalimu alitaka kuongea, nikamtazama, akaacha. Issa alikuwa amejishika kichwa. Mchana ukapita juu yetu. Kisha kutoka ndani tukasikia mtoto akilia, kilio cha hasira kabisa, na Issa akaanguka magotini hapohapo akagusa sakafu kwa paji la uso. Muuguzi akatoka akasema ni wa kike, na mama hajambo. Nililia. Sijui nani aliyenipa leso.

Mwalimu Gaudensi alisubiri mpaka Issa aliporudi kutoka kumwona mke wake, amekaa, ametulia, amepewa maji. Alijizuia kadiri alivyoweza, ninakiri kwa niaba yake. Kisha akasogea kwenye benchi. “Mtani, samahani. Pale kwenye gogo. Ulikanyaga pedali kwanza ndipo ukageuza mikia, au ulivifanya pamoja?”

Issa alimtazama kama mtu anayeulizwa habari za nchi asiyowahi kufika.

“Pedali gani?” akasema. “Mimi nilikuwa namleta mke wangu.”

Mwalimu akanigeukia, machozi yanamtoka waziwazi nyuma ya miwani ile ya waya. “Umesikia, Dada Nakijwa?” akasema. “Mguu uliikanyaga, yeye ameisahau.”